Vidonge vya chai ya kijani vinasafisha mitokondria kweli? Jibu kwa dada wa Iringa

Swali lilikuja hivi: "Habari za kazi mtaalamu. Mimi niko Iringa, nina miaka 44, shida yangu uchovu, ikifika saa nane mchana pale ofisini nasinzia mpaka naona aibu. Kuna dada ananiuzia vidonge vya chai ya kijani, anasema vinasafisha mitokondria na kurudisha nguvu za seli, natakiwa nimeze viwili asubuhi kabla sijala kitu na viwili jioni. Kopo limeandikwa ekstrakti miligramu 500, EGCG asilimia 45. Nauliza kwa sababu hela yenyewe ni nyingi. Ni kweli vinafanya hivyo? Na hii chai yetu ya Mufindi yenyewe haina hiyo kitu? Damu yangu mara ya mwisho kupima ilisoma 10."

Salama dada yangu, na umefanya vizuri sana kunakili maandishi ya kwenye kopo maana wengi huwa wananiambia tu kuna dawa flani ya kijani, sasa hapo mtu unajibu nini. Ntajibu kwa kirefu kidogo ila kabla sijaenda mbali, usianze kuvimeza kwanza, na hiyo 10 uliyoitupia mwishoni kabisa kama vile haihusiki, kwangu mimi ndo habari kubwa kuliko kopo lote. Ntaifikia.

Tuanze na mitokondria. Hivi ni vifuko vidogo sana ndani ya seli, seli moja ya moyo inaweza kuwa navyo maelfu, wakati chembe nyekundu ya damu haina hata kimoja. Chakula ulichokula na hewa uliyovuta vinakuja kukutana humo: elektroni zinazotoka kwenye chakula zinapita kwenye protini kubwa nne zilizopachikwa kwenye utando wa ndani, zinaitwa kompleksi ya kwanza mpaka ya nne, mwisho wa safari zinaungana na oksijeni unapata maji, na nguvu iliyopatikana njiani inatumika kutengeneza ATP ambayo seli inaitumia kwa kila kitu, kuanzia kukunja msuli mpaka kuwaza. Sasa njiani huwa kuna elektroni chache zinavuja, hasa kompleksi ya kwanza na ya tatu, zikiidaka oksijeni kabla ya wakati wake zinazaliwa radikali huru, vitu vyenye fujo vinavyogonga gonga protini na mafuta na DNA. Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman alitoa hoja kwamba fujo hizo ndo zinatuzeesha, na 1972 akasogeza lawama kwenye mitokondria zenyewe. Tangu hapo biashara ya antioksidanti haijawahi kulala.

Na hoja ya huyo dada wa vidonge imetokea hukohuko. Chai ya kijani ina katekini, katekini ni antioksidanti, antioksidanti inazima radikali huru, kwa hiyo mitokondria zinasafishika. Ukiisikia inaingia akilini vizuri kabisa, na ndani ya tyubu ya maabara ni kweli, EGCG ambayo ndo katekini nyingi kuliko zote kwenye chai ya kijani inazizima radikali huru bila shida. Kasheshe inaanzia kwenye safari ya kutoka mdomoni mpaka kwenye seli. Kikombe kimoja cha chai ya kijani kinaweza kuwa na miligramu 50 mpaka 100 za EGCG lakini inayofika kwenye damu ikiwa nzima ni kidogo mno, inafika kileleni kama saa moja au mbili baada ya kunywa na kwa kawaida haifikishi hata maikromola moja kwa lita (ni kipimo cha wingi wa molekuli), kisha saa chache baadaye imeondoka. Nyingine utumbo na ini vinaibadilisha sura hapohapo, nyingine inashuka mpaka utumbo mpana ambako bakteria wanaikatakata kuwa molekuli nyingine kabisa, zinaitwa valerolaktoni, na hizo ndo mwili unazinyonya. Wakati huohuo seli zako zina antioksidanti yao wenyewe, glutathioni, iliyojaa humo kwa kiwango cha milimola, yani zaidi ya mara elfu ya EGCG iliyopo kwenye damu. Sasa niambie hako kachache kanakuja kusafisha nini ambacho glutathioni imeshindwa.

Alafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, pengine na wao hawalijui. Majaribio mengi ya seli kwenye sahani za maabara yanatumia EGCG maikromola 10 mpaka 100, kiwango ambacho kikombe chako hakiwezi kukifikia hata ukinywa birika zima, na tena EGCG ukiiweka kwenye yale maji ya kulishia seli inaungana yenyewe na oksijeni na kutoa haidrojeni peroksaidi, ileile inayotumika kuoshea vidonda na kubadilisha rangi ya nywele. Kwa hiyo baadhi ya zile habari za "chai ya kijani yaua seli za kansa" ukizichimba unakuta kilichoua ni peroksaidi, ukiongeza enzaimu ya katalesi inayoivunja peroksaidi sehemu kubwa ya mauaji inapotea. Wanakemia wamelionyesha hili zaidi ya miaka ishirini iliyopita lakini bado kila mwaka inatoka habari mpya kama vile hakuna aliyesoma.

Usinielewe vibaya, sisemi EGCG haigusi mitokondria. Inagusa, tena kwa namna ambayo mimi naiona inavutia kuliko hiyo hadithi ya usafi. Mwaka 2021 kundi la watafiti wa Jena kule Ujerumani na chuo kikuu cha ETH Zurich Uswisi, akiwemo Michael Ristow, walitoa kazi yao kuhusu vijiminyoo vinaitwa C. elegans, urefu wake kama milimita moja, vinapendwa maabara kwa sababu vinaishi wiki chache tu kwa hiyo mtu unaweza kuona uzee wote bila kusubiri miaka. Wakavipa EGCG na mwenzake ECG kwa kiwango kidogo, maikromola 2.5, na vikaishi muda mrefu zaidi, vikawa na nguvu zaidi. Mpaka hapo hakuna jipya. Jipya ni kwamba walipochungulia ndani masaa ya mwanzo wakakuta kinyume cha tangazo: katekini zilikuwa zinabana kompleksi ya kwanza, ATP ikashuka, na radikali huru ZIKAPANDA. Ni baada ya hapo, siku ya kwanza mpaka ya tano hivi, ndo minyoo ikajibu kwa kuongeza enzaimu zake za ulinzi, ile superoksaidi dismutesi na katalesi, radikali zikashuka chini na ATP ikarudi.

Kwa hiyo kama chai inasaidia mitokondria basi inasaidia kwa kuzichokoza kidogo. Wataalamu wanaiita mitohomesisi. Ni kama mchakamchaka wa shuleni alfajiri, unatweta, unachukia, mwalimu nyuma na fimbo, lakini baada ya wiki kadhaa pumzi yako inakuwa nyingine, na aliyekupa hiyo pumzi ni mwili wako wenyewe uliojijenga kwa sababu ulisumbuliwa. Kwenye seli msimamizi wa zoezi ni protini inaitwa AMPK, hiyo kazi yake ni kupima kama ATP imepungua, ikiona imepungua inasimamisha matumizi yasiyo ya lazima, inaamrisha mitokondria mbovu zivunjwe na mpya zitengenezwe. Metformini, hivi vidonge vya sukari ambavyo kila familia siku hizi ina mtu anavimeza, na yenyewe inaibana kompleksi ya kwanza kidogo na kuiamsha AMPK.

Huyuhuyu Ristow mwaka 2009 alishatoa jaribio la watu ambalo mi huwa nalikumbuka kila nikiona kopo limeandikwa antioksidanti. Walichukua vijana wa kiume wakawafanyisha mazoezi wiki nne, nusu wakapewa vitamini C miligramu 1000 na vitamini E yuniti 400 kila siku, nusu hawakupewa. Wasiopewa, miili yao ikaanza kuitikia insulini vizuri zaidi kama inavyotegemewa kwa mtu anayefanya mazoezi. Waliokuwa wanameza vitamini hawakupata hiyo faida. Zile radikali huru zinazotoka wakati wa zoezi zilikuwa ndo ujumbe wenyewe, vitamini zikaufuta kabla haujafika.

Sasa unaona kwa nini kipimo ni kila kitu hapa. Kitu kinachofanya kazi kwa kuchokoza, ukikizidisha kinaumiza. Na kwenye ini ndiko kinakoumizia.

Tupige hesabu ya kopo lako. Miligramu 500 mara asilimia 45 ni miligramu 225 za EGCG kwa kidonge, vinne kwa siku ni 900. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, walipitia ushahidi mwaka 2018 wakasema kuanzia miligramu 800 kwa siku kutoka kwenye vidonge, vipimo vya ini vinaanza kupanda kwa baadhi ya watu, na baadae Umoja wa Ulaya ukaweka sheria kwamba saplimenti lazima ziwe chini ya hapo. Lako limevuka. Halafu umeambiwa umeze asubuhi kabla ya kula, na tumbo likiwa tupu EGCG inaingia kwenye damu kwa wingi mara kadhaa kuliko ukiwa umekula, kwa hiyo hiyo 900 inapiga kwa nguvu zaidi kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Wengi hawapati kitu, tuseme ukweli, lakini wapo wanaopata manjano na ini kuvimba kabisa, na imeonekana wenye jeni flani ya kinga, HLA-B*35:01, wako kwenye hatari zaidi, na wewe wala mimi hatujui kama tunayo. Chai ya kunywa kikombeni haina historia hiyo. Ile katekini inakuja kidogo kidogo, pamoja na maji mengi, umekaa unapiga stori, ini linapata nafasi ya kuishughulikia. Mtu akikwambia "ni majani tu dada, haina kemikali", mwambie hata tumbaku ni majani.

Ushahidi kwa watu upoje basi? Wa chai ni mzuri kiasi, wa vidonge ni mwembamba. Japani, mkoa wa Miyagi, walifuatilia watu wazima 40,530 kwa miaka 11, matokeo yakatoka 2006: waliokuwa wanakunywa vikombe vitano na zaidi kwa siku walikufa kwa uchache kuliko wanaokunywa chini ya kimoja, asilimia 12 pungufu kwa wanaume na 23 kwa wanawake, na tofauti kubwa ilikuwa kwenye moyo na kiharusi, kwenye vifo vya kansa haikuonekana. Ila huo ni ufuatiliaji sio jaribio, mtu wa kunywa vikombe vitano vya chai ya kijani huko Miyagi anaweza kuwa na mambo yake mengine mengi mazuri. Marekani taasisi ya serikali ya utafiti wa uzee ina mpango wa kujaribu dawa za uzee kwa panya kwenye maabara tatu kwa wakati mmoja, ekstrakti ya chai ya kijani ikajaribiwa, majibu ya 2013 yakasema panya hawakuishi zaidi. Na kuhusu kupungua uzito, maana najua kopo halikosi kutaja, mapitio ya 2012 ya Cochrane, kundi la kimataifa linalochambua tafiti za tiba, yaliona kupungua kupo lakini ni kudogo mno kiasi cha kutokuwa na maana kwa afya. Cha kuchekesha ni kwamba dawa ya katekini iliyopitishwa rasmi na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2006 ni ya kupaka, marhamu ya vigwaru vya sehemu za siri. Inafanya kazi kwa sababu inawekwa palepale penye tatizo kwa kiwango kikubwa, haihitaji kupita tumboni.

Sasa chai ya Mufindi. Dada, huo mti ni uleule! Chai ya kijani na chai ya rangi zote zinatoka kwenye Camellia sinensis, tofauti inafanyika kiwandani. Ya kijani majani yakishachumwa yanapigwa joto haraka, Wajapani kwa mvuke, Wachina kwenye karai, ili kuua enzaimu iliyomo ndani ya jani, katekini zinabaki kama zilivyo. Ya kwetu inafanywa kinyume, majani yananyaushwa usiku, asubuhi yanapitishwa kwenye rola zenye meno zinazoyakata na kuyasaga mpaka yanakuwa kama mboga ya kisamvu iliyotwangwa, yanaachwa yapigwe na hewa, na ukisimama pale unaona kabisa kijani kinageuka shaba machoni pako, na harufu inabadilika toka nyasi mbichi kuwa harufu ya chai. Hapo enzaimu inaunganisha katekini zinakuwa theaflavini na thearubigini, hizo ndo rangi na ule ukali wa ulimini. Kwa hiyo EGCG kwenye chai yetu imebaki kidogo lakini haimaanishi kilichobaki ni maji ya rangi. Uingereza ambako wanakunywa nyeusi hasa, tena wengi na maziwa, walifuatilia karibu watu laki tano, matokeo ya 2022 yakaonyesha wanaokunywa vikombe viwili na zaidi kwa siku wana vifo pungufu kwa asilimia 9 mpaka 13, na maziwa au sukari havikubadilisha picha. Mtu wa Mufindi hana sababu ya kuona wivu kwa mtu wa Miyagi. Majirani zetu Kenya mwaka 2011 walitoa mche wa chai ya zambarau kutoka Kericho, TRFK 306, una anthosayanini zile za kwenye zabibu nyeusi, ukiupata sio mbaya kuonja, ila mtu asikuuzie kama dawa ya uzee.

Haya, tuje kwenye 10.

Mwanamke asiye mjamzito hemoglobini inatakiwa iwe 12 kwenda juu. Wewe una 10, hiyo ni upungufu wa damu, na mtu mwenye 10 kusinzia saa nane mchana ni kitu cha kutegemewa kabisa, wala hatuhitaji mitokondria kukielezea. Lakini kwa kuwa umeuliza mitokondria basi sikia hii: chanzo cha kawaida cha upungufu wa damu kwa mwanamke wa umri wako ni chuma kuisha mwilini, na chuma sio cha hemoglobini peke yake. Ile kompleksi ya kwanza ina vishada 8 vya chuma na salfa, elektroni zinaruka toka kishada hadi kishada, bila hivyo hakuna safari. Kompleksi ya pili na ya tatu nazo zina vishada vya chuma, ya tatu na ya nne zina himu ambayo katikati yake ni chuma. Ndo maana kuna watu chuma kimeshuka na wanachoka hata kabla hemoglobini haijaonyesha kitu. Na katekini, pamoja na ndugu zake wa chai ya rangi, zina tabia ya kukamata chuma cha mbogamboga na maharage tumboni na kutoka nacho, chai ukinywa pamoja na mlo inaweza kukata unyonywaji wa hicho chuma zaidi ya nusu. Fikiria sasa gramu karibu moja ya EGCG kila siku kwa mtu mwenye 10. Unanunua kwa hela nyingi kitu kinachosemwa kinaamsha mitokondria huku kinakunyima madini ambayo mitokondria zenyewe zimejengwa nayo.

Kwa hiyo nenda hospitali, omba picha kamili ya damu na ferritini (inaonyesha akiba ya chuma mwilini), na mweleze daktari kuhusu hedhi yako bila kuona haya, kama ni nzito au inatoka mabonge sema, maana vimbe za kizazi kwa miaka 40 na kitu ni nyingi sana na mtu anazoea kuvuja damu nyingi akidhani ndo kawaida yake. Wakuangalizie na minyoo, pamoja na malaria, na kwa sababu ya huo uchovu wapime sukari na tezi ya shingo pia. Ukiandikiwa vidonge vya chuma usivimeze na chai, meza na maji au na juisi ya chungwa, chai isubiri angalau saa moja. Hata chai ya kawaida ya kunywa na mlo isogeze, yani ugali maharage na mboga kwanza, kikombe baadae, ambayo pia itakusaidia ule usingizi wa mchana kwa sababu ya kafeini. Iache ipoe kidogo, sio ile ya kuunguza ulimi ambayo wengi wetu tunaipenda, Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa mwaka 2016 waliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyowezekana sana kusababisha kansa ya koo la chakula, na ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki hiyo kansa inatusumbua kweli. Ya kijani ukitaka kuijaribu, maji yasiwe ya kuchemka, acha yapoe dakika chache ndo umwagie majani, dakika mbili tatu unatoa, ukizidisha inakuwa chungu mpaka unakunja uso.

Mazoezi ukianza kupata nafuu ya damu, taratibu, sio sasa. Kutembea kwa haraka kunaongeza mitokondria za misuli na hilo limejulikana tangu 1967 pale John Holloszy wa St. Louis alipokimbiza panya kwenye mashine na kukuta enzaimu za mitokondria kwenye misuli yao zimeongezeka karibu mara mbili.

Kwa wengine mnaosoma ambao hamna shida ya damu lakini mnameza dawa: chai ya kijani inapunguza sana nadololi mwilini, ile ya presha, ikinywewa kwa wingi inaweza kuvuruga warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kwa wagonjwa wa kansa wanaotumia bortezomibi EGCG inaishika dawa na kuizima, kwa hiyo mwambieni daktari mnachokunywa.

Na wewe dada, kama ulishaanza kuvimeza kabla ya kuniandikia, acha leo, usimalizie kopo eti kwa sababu limeshalipiwa. Ukiona mkojo umekuwa mweusi kama soda, macho ya njano, mwili unawasha bila vipele au upande wa kulia chini ya mbavu unauma, usisubiri wiki, nenda na kopo lenyewe mkononi daktari alisome, na waambie wapime ALT na bilirubini, vipimo vya ini. Majibu ya ferritini yakitoka niandikie ilivyosoma, tuone kama dozi ya chuma inatosha au kuna sehemu inavuja inabidi itafutwe.